Uvimbe wa figo na jeni iliyoharibika: je, ni kansere au si kansere?

Swali: "Docta, jambo. Tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Mdogo wangu wa kike, miaka 27, alishikwa na maumivu makali ya ubavu wa kuume, akakojoa damu, tukamkimbiza hospitali. Ekografi na skana zimeonyesha uvimbe wa sentimita 6 kwenye figo la kuume, na vingine vitatu vidogo kwenye la kushoto. Daktari wa kwanza akasema ni anjiomiolipoma, si kansere, tusiogope. Wa pili akamtazama usoni, akauliza kama familia ina mtu wa kifafa, kisha akasema jeni yake moja ya kuzuia kansere imeharibika. Tushike la nani? Kama jeni ya kuzuia kansere imekufa, inakuwaje uvimbe usiwe kansere? Shemeji anataka figo litolewe haraka. Na mtoto wake wa miaka 4 ana mabaka meupe mgongoni. Alipokuwa mchanga alikuwa akishtuka-shtuka. Utujibu, tafadhali."

Mama, jambo sana. Madaktari wenu wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amewapa kipande chake na hakuna aliyeviunganisha. La shemeji ndilo lisilosubiri, basi nalijibu kwanza: kama damu imekoma na mdogo wako ametulia, hakuna sababu ya kukimbilia kutoa figo. Kwake yeye hasa, kutoa figo kunaweza kuwa hasara isiyolipika. Nitafika hapo.

Mimi ni daktari wa patolojia, kazi yangu ni kusoma nyama ya mwili chini ya darubini. Anjiomiolipoma ukishaiona mara moja huisahau. Ni vitu vitatu vimechanganyika bila mpango: seli za mafuta, seli za misuli laini, na mishipa ya damu. Mishipa ndiyo ninayoitazama kwa muda mrefu. Kuta zake ni nene na zimepinda, na zile nyuzi zinazovutika ambazo mshipa wa kawaida unazo, hapa zimekatika au hazipo kabisa. Seli za misuli zinachomoza kutoka ukutani kuelekea kila upande. Mshipa wa namna hiyo hauhimili msukumo wa damu: unatuna mahali pamoja, na ukituna kupita milimita 5 hatari ya kupasuka inapanda. Ndiyo damu mliyoiona. Kwa hiyo "si kansere" ni kweli, lakini "tusiogope" imezidi kidogo. Uvimbe usiosambaa popote unaweza kumwaga damu nyuma ya tumbo hadi mtu akazimia.

Yale mafuta yanatusaidia. Kwenye skana maji hupewa namba sifuri, na mafuta hushuka chini ya sifuri. Uvimbe wa figo la mtu mzima wenye sehemu iliyoshuka chini ya −10, karibu kila mara ni anjiomiolipoma, na hatuna haja ya kumchoma mtu sindano ya biopsi, yaani ya kuchukua kipande cha nyama. Shida ni zile zenye mafuta machache mno. Hizo kwenye picha hufanana na saratani, na watu wamepoteza figo bure kwa ajili yake.

Sasa jeni. Kila seli ya mwili ina nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Jeni zinazokandamiza uvimbe zichukulie kama zamu, yaani walinzi, wawili wa parseli moja: mmoja akilala, wa pili bado anakesha, na mwizi haingii. Mtu anaweza kuzaliwa na zamu mmoja aliyelala katika kila seli yake na asijue. Siku seli moja ya figo itakapompoteza na wa pili, seli hiyo inaanza kuongezeka bila kuuliza mtu. Mmarekani Alfred Knudson ndiye aliyelitambua hilo mwaka 1971, akilinganisha watoto wenye saratani ya jicho. Waliorithi waliugua mapema, mara nyingi macho yote mawili. Wasiorithi walichelewa, na jicho likawa moja. Hakuwa na mashine ya kusoma jeni. Alikuwa na mafaili ya wagonjwa 48 na hesabu yake. Weka figo mahali pa jicho, utaelewa kwa nini daktari wa pili aliacha kutazama skana akamtazama mgonjwa usoni: mdogo wako ni kijana, na uvimbe uko pande zote mbili.

Jeni anazozishuku ni mbili, TSC1 ya kromosomu 9 na TSC2 ya kromosomu 16. TSC2 ilipatikana mwaka 1993, mwenzake 1997. Protini zao hushikana pamoja na kuituliza protini nyingine iitwayo mTOR, ambayo ndiyo huiambia seli ijilishe, ikue, igawanyike. Mmoja wao akikosekana kabisa, mTOR haitulii tena. Mtu aliyezaliwa na nakala moja imeharibika tayari, ugonjwa wake huitwa sklerosisi ya tubera. Madaktari wetu waliosomea kwa Kifaransa wamezoea kusema ugonjwa wa Bourneville, yule daktari wa Paris aliyeueleza mwaka 1880. Bourneville alikuwa akitafuta chanzo cha kifafa ndani ya ubongo, akakuta vivimbe kwenye mafigo pia.

Hata hivyo, kwa makadirio, anjiomiolipoma nane kati ya kumi ni za watu wasio na ugonjwa huu. Hao wanakuwa na uvimbe mmoja, upande mmoja tu, na wengi ni wanawake waliokwisha pita ujana. Ukiuchunguza uvimbe wao, mara nyingi utakuta TSC2 imeharibika, lakini ndani ya uvimbe peke yake. Ukipima damu yao jeni ni nzima, na watoto wao hawana la kurithi. Ninalisisitiza kwa sababu familia nyingi zikisikia "jeni imeharibika" zinaanza kuhesabu wajukuu. Jeni inaweza kuharibika katika seli moja ya mtu wa miaka 50, ikaishia humo humo.

Nije kwenye swali lako gumu: inakuwaje zamu wote wawili waondoke na bado isiwe kansere? Jeni hizi zinazuia seli isiongezeke kupita kiasi. Kuongezeka ni jambo moja. Kutoka mahali pake, kuingia kwenye damu na kwenda kuishi kwenye pafu au mfupa ni jambo jingine, na kwa kawaida linataka uharibifu zaidi juu ya ule wa kwanza. Tena katika seli iliyopoteza TSC kuna kitu cha ajabu: mTOR inayowaka bila kikomo hurudi nyuma ikafifisha njia nyingine ya ukuaji, ile inayopitia protini ya AKT. Uvimbe unajibana wenyewe kwa kiasi. Unakua polepole, unasukuma jirani badala ya kumla. Hata tukikuta seli zake kwenye tezi za limfu karibu na figo, hatusemi kansere imesambaa.

Linganisha na saratani ya figo inayowapata watu wazima zaidi kuliko nyingine, ile ya seli angavu. Humo jeni inayopotea ni VHL, kwenye kromosomu 3. VHL huifuta protini ya HIF wakati oksijeni inatosha. Isipokuwepo, seli inajiona imekosa hewa na kuita mishipa mipya ya damu usiku na mchana. Lakini hata VHL peke yake haitoshi kuleta saratani. Balaa ni majirani zake. Kwenye mkono huo huo mfupi wa kromosomu 3 wanakaa PBRM1, BAP1 na SETD2, nao ni wakandamizaji wa uvimbe. Mkono ukipotea, nakala moja ya wote wanne inaondoka kwa mpigo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba tukio hilo mara nyingi hutokea utotoni au ujanani, miaka mingi sana kabla ya uvimbe kuonekana. Miaka hiyo yote seli inakaa na nakala moja moja, na kila inayoharibika inasogeza saratani karibu. Kwa hiyo kinachoamua ni jeni gani imepotea, katika seli ya aina gani, na ni zipi nyingine zimeifuata.

Niruhusu nitoke njiani kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine, maana kuna jeni moja inayovunja hata hesabu hiyo. SMARCB1, ya kromosomu 22, ni sehemu ya mtambo unaofungua na kufunga DNA ili seli ijue jeni zipi zisomwe. Ikipotea kabisa, uharibifu mwingine mkubwa hauhitajiki sana. Katika sehemu ya ndani ya figo inaleta saratani ya medula, nadra sana na kali sana, iliyoelezwa kama ugonjwa wa pekee mwaka 1995. Karibu wote wanaoipata ni vijana wenye AS. Sisemi wagonjwa wa SS, nasema wale wanaobeba nakala moja ya drepanositozi (selimundu) na kujiona wazima kabisa. Hushika figo la kuume zaidi, na mara nyingi inaonwa ikiwa imeshasambaa. Tunaitambua kwa rangi: tunapaka kipande dawa inayoshika protini ya jeni hiyo, viini vya seli zenye afya vinakuwa kahawia, vya saratani vinabaki vitupu. Kwetu Kongo watu wa AS ni wengi, na karibu wote hawataiona kansere hii maishani. Damu kwenye mkojo wao kwa kawaida ina sababu nyepesi zaidi. Lakini kijana wa AS anayekojoa damu, akapewa antibiotiki leo, kesho dawa ya kichocho, kesho kutwa antibiotiki tena, bila mtu kumwekea hata ekografi, hilo linaniudhi.

Nyingine nazipitia haraka. Mwanamke mwenye mayoma mengi ya kizazi akiwa bado kijana, ambaye katika ukoo wake kuna mtu aliyekufa kwa kansere ya figo, amwambie daktari: kuna jeni iitwayo FH inayounganisha hayo mawili, na kansere yake ina haraka. Jeni ya FLCN huleta vipele vidogo usoni, pafu kupasuka hewa, na uvimbe wa figo wa mwendo wa pole. Mtoto mdogo ambaye mama anamwogesha na kugusa kitu kigumu tumboni apelekwe siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa uvimbe wa Wilms, na katika baadhi yao ni jeni ya WT1 iliyoharibika. Huo ukiwahiwa unatibika vizuri.

Turudi kwa mdogo wako. Daktari wa pili alipomtazama usoni alikuwa akitafuta vipele. Kama anavyo, viko mashavuni na kando ya pua, havina usaha na vimekaa tangu utotoni, hivyo si chunusi. Vipele vitatu vya namna hiyo ni alama moja kubwa ya sklerosisi ya tubera. Anjiomiolipoma mbili au zaidi ni alama nyingine kubwa. Alama kubwa mbili zinatosha kuutaja ugonjwa bila kupima jeni, na hilo ni faraja kwetu ambao kipimo hicho tunakipeleka nje. Tena kipimo kinaweza kutoka bila kuonyesha kitu kwa mgonjwa mmoja kati ya kumi, au zaidi kidogo, ambaye ugonjwa anao wazi. Mtazameni pia kucha: vinyama vidogo vinavyoota pembeni mwa kucha za miguu na mikono ni alama hiyo hiyo.

Je, kansere haiwezi kumpata kabisa? Inaweza, kwa wachache. Kati ya watu wenye ugonjwa huu, asilimia 2 hadi 4 hupata saratani halisi ya figo, na huwa wanaipata mapema kuliko watu wengine. Iko pia aina ya anjiomiolipoma iitwayo ya epithelioidi, isiyo na mafuta au yenye machache, seli zake ni kubwa na nono. Katika baadhi ya hizo jeni ya TP53 nayo huwa imeharibika, na hizo zinaweza kusambaa kama kansere. Ndiyo maana uvimbe usio na mafuta, hasa ukikua kupita nusu sentimita kwa mwaka, tunauchoma biopsi. Huu wake wa sentimita 6, skana ikithibitisha mafuta, hauko katika kundi hilo.

Sasa shemeji. Mtu aliyezaliwa na jeni ya TSC moja tayari imelala ana zamu mmoja tu katika kila seli ya figo lililobaki. Ukilitoa la kuume leo, la kushoto lina vivimbe vitatu vinavyokua. Miaka kumi mbele mnaweza kujikuta kwenye dialisisi, mashine ya kusafisha damu, na mnajua wenyewe dialisisi inavyokula nyumba. Figo la mgonjwa wa namna hii hutolewa pale tu damu imegoma kusimama kwa njia nyingine na roho iko hatarini. Mkondo unaofaa ni huu: damu ikitoka tena, daktari apite na mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye figo na kuuziba ule mshipa uliopasuka peke yake. Si kila hospitali ina mtambo na mkono wa kazi hiyo, kwa hiyo ulizeni sasa, mkiwa mmetulia, ni wapi panapofanywa na njia ya kufika. Mjue pia kundi lake la damu, na ndugu wawili watatu wa kundi hilo wawe wanapatikana kwa simu. Maumivu ya ghafla ubavuni, kizunguzungu, midomo kupauka: ni kuondoka hapo hapo, hata usiku.

Kama hatoki damu, dawa ipo. Everolimu, na ndugu yake sirolimu, huituliza mTOR yenyewe, yaani zinafanya kazi ambayo TSC imeiacha. Sirolimu ilitokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, na watu waliopandikizwa figo wanaifahamu. Katika majaribio ya everolimu yaliyochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 42 kwa mia waliona uvimbe ukipungua kwa nusu au zaidi. Waliopewa kidonge kitupu, hakuna hata mmoja. Kwa kawaida tunaifikiria uvimbe unapopita sentimita 3 na unaendelea kukua. Sitawaficha ubaya wake: ni ghali, na ukiiacha uvimbe unarudi kukua. Basi kabla ya kuanza, familia ikae, ihesabu inaweza kuibeba kwa muda gani. Inaleta vidonda mdomoni na kupunguza kinga. Haipatani na balungi, na mtu anayemeza rifampisini ya kifua kikuu itamfifishia dawa hiyo mwilini. Daktari lazima ajue.

Mambo mawili ya mwanamke. Uvimbe huu husikia homoni ya estrojeni, kwa hiyo aache vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na atafutiwe njia nyingine. Mimba huongeza hatari ya kupasuka. Asibebe kwa bahati, apange na daktari kabla. Akiwa anakosa pumzi akipanda ngazi, mapafu yake yapigwe skana pia, kwani wanawake wenye ugonjwa huu mapafu yao huweza kujaa vifuko vya hewa. Na shinikizo la damu lipimwe kila mara anapokwenda hospitali.

Mtoto ndiye anayenipa haraka kuliko mama yake. Mzazi mwenye ugonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kumpa kila mtoto. Mabaka meupe matatu au zaidi, na kule kushtuka akiwa mchanga, vinanitosha kusema aonwe na daktari wa watoto juma hili. Kama alikuwa akijikunja mbele mara nyingi mfululizo, hasa akitoka usingizini, hicho kilikuwa kifafa cha watoto wachanga, ambacho kwa ugonjwa huu kina dawa yake, vigabatrini. Inafaa ikianza mapema. Sasa ana miaka 4, daktari atataka kujua kama bado anashikwa, anaongeaje, anachezaje na wenzake. Afanyiwe ekografi ya mafigo hata kama hana maumivu, na ya moyo. Akiandikiwa skana ya kichwa au IRM (picha ya sumaku), msiikatae kwa sababu "ana afya".

Na kama ukweni wameanza kutafuta ni upande gani umeleta ugonjwa, waambieni kwamba karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa sklerosisi ya tubera ni wa kwanza katika ukoo wao. Jeni iliharibika kwao wenyewe, kabla hawajazaliwa. Wazazi wa mdogo wako watazamwe ngozi na kucha, basi. Wakikutwa safi, hakuna wa kumlaumu.

Mkienda kwa daktari wa njia ya mkojo, bebeni CD ya skana, msibebe karatasi ya majibu peke yake. Ile namba ya mafuta niliyoitaja mara nyingi haiandikwi kwenye karatasi, na asipoipata atalazimika kuagiza skana nyingine, mlipe mara ya pili.